Makanisa ya Bonde la Hope

Tulipoombwa kuandika juu ya mahali ambapo imani yetu imepimwa, wengi wetu tulifikiri habari za nyumbani. Ndugu wa Butembo angeandika ya Butembo, na mzee wetu wa Ribe angeandika ya Ribe. Lakini sisi ni ushirika wa watu kama arobaini tunaoabudu kwa Kiswahili katika ukumbi wa kukodi mjini Sheffield, na jambo ambalo tumelifanya sote kwa pamoja halikutendeka nyumbani. Kwa miaka mitatu sasa, Jumamosi moja ya kila mwezi, mvua ikituhurumia, tunapanda treni kwenda kuyatembelea makanisa ya vijijini katika milima ya Derbyshire, upande wa magharibi wa mji huu.

Hatutasema kwamba tulianza kwa sababu za kiroho. Tulianza kwa sababu watoto walikuwa wanashinda ndani na simu zao, na mama mmoja aligundua kwamba nauli ya kikundi ni nafuu. Sehemu hiyo yote ni hifadhi ya taifa, ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Kaka mmoja aliyekulia Arusha aliposikia neno hifadhi alibeba darubini. Aliona kondoo. Tangu siku hiyo kila tukipita kondoo tunamwuliza kama amepiga picha.

Reli yenyewe inaitwa ya bonde la Hope, na tulifurahi sana kuona tumaini limeandikwa kwenye kibao cha kituo. Baadaye tulielezwa kwamba jina hilo ni la Kiingereza cha kale na maana yake ni bonde lililofungwa na milima, wala halihusiani na tumaini. Mchungaji wetu alikuwa ameshalihubiria mara mbili, na anaendelea kulihubiria.

Kabla hatujaenda mbali, tueleze neno moja. Waingereza wa vijijini wana majina mawili ya nyumba ya ibada, na hawayachanganyi. Kuna kanisa, ambalo ni la Anglikana, la zamani, lenye mnara na makaburi kulizunguka. Halafu kuna ile nyumba nyingine, ya Wamethodisti au ya Wakongregesheni, isiyo na mnara, yenye madirisha marefu na jiwe la mwaka juu ya mlango, iliyojengwa kando ya barabara au kwenye kona ya shamba la mtu. Hiyo sisi tumezoea kuiita kikanisa, bila dharau yoyote. Ukimwuliza mzee wa huko babu yake alisali wapi, jibu lake litakueleza pia kama babu huyo alikuwa mwenye mashamba au alichimba risasi kwenye migodi. Tunasema risasi kwa maana ya madini, ingawa wenzetu wa Kivu kila wakisikia migodi na risasi katika sentensi moja hushtuka.

Ukitoka Sheffield, treni inaingia handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita tano, na ukitokea upande wa pili uko Grindleford. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo ipo nyumba ya mawe iitwayo Padley. Mwezi wa Julai 1588 makasisi wawili wa Kikatoliki, Nicholas Garlick na Robert Ludlam, walikamatwa mahali hapo, na mwezi huohuo wakauawa hadharani mjini Derby, kwa sababu wakati ule kuwa kasisi Mkatoliki katika Uingereza kulihesabiwa uhaini. Chumba chao cha ibada kikawa jengo la shamba kwa miaka mingi sana, mpaka kiliporudishwa kuwa mahali pa sala mwaka 1933. Karibu sote ni Waprotestanti, na tulisimama pale bila kujua la kusema. Waliowaua walikuwa upande wetu, kama tunaweza kusema hivyo. Dada mmoja aliyelelewa Mkatoliki Bukavu alipiga ishara ya msalaba, na hakuna aliyemtania.

Kisha zamu ikageuka. Mwaka 1662 serikali ilitoa sheria kwamba kila kasisi wa Kanisa la Uingereza lazima akubali kitabu kimoja cha sala na utaratibu mmoja, na wapatao 2,000 walikataa wakapoteza makanisa yao na nyumba zao. Mmoja wao alikuwa William Bagshawe wa Glossop, ambaye alizunguka milima hii akihubiri katika nyumba za watu mpaka watu wakamwita Mtume wa milima hii. Kikundi kilichotokana na kazi yake kilijenga kikanisa Chinley mwaka 1711, na bado kipo. Kwa nje utadhani ni nyumba ya tajiri wa kijiji. Chinley pia ndiko alikotoka John Bennet, mhubiri wa Kimethodisti aliyemwoa Grace Murray mwaka 1749, huku John Wesley mwenyewe akiwa amekusudia kumwoa. Akina mama wetu walilijadili jambo hilo kwenye treni mpaka tukafika Sheffield, na hatukupata tena nafasi ya kuzungumzia Mtume.

Katika bonde la Alport, mbali kabisa na barabara kuu, kuna ghala la shamba ambamo kila Jumapili ya kwanza ya Julai watu hukutana kwa karamu ya upendo. Hukumbuka siku ambazo waumini walijificha milimani kuabudu. Hawali mkate na divai, bali keki na maji, na maji hayo hunywewa kutoka kikombe kimoja chenye mikono miwili. Kisha watu hutoa ushuhuda. Tulikodi basi dogo, tukatembea sehemu iliyobaki. Palipokuwa na kimya kirefu, kile kimya cha Waingereza ambacho sisi hatukiwezi, mzee wetu wa Ribe alisimama akatoa ushuhuda wake kwa Kiswahili, na binti wa miaka kumi na sita akamtafsiria. Alitafsiri vizuri kuliko tulivyotegemea. Neno hili la binti tutalirudia.

Lakini kijiji ambacho hatujaacha kukizungumzia ni Eyam.

Habari zake ni hizi. Septemba 1665 tauni iliingia Eyam. Wanasema ilifika pamoja na kitambaa kilicholetwa kutoka London kwa fundi cherehani, na msaidizi wake, George Viccars, akawa wa kwanza kufa. Majira ya baridi yakapunguza vifo. Majira ya joto ya 1666 yakavirudisha kwa nguvu. Kasisi wa kijiji alikuwa kijana, William Mompesson, aliyekuwa amefika si muda mrefu. Watu hawakumpenda. Waliyempenda ni Thomas Stanley, kasisi aliyetangulia, mmoja wa wale waliotolewa kwa sheria ile ya 1662, ambaye bado aliishi karibu na watu wake ingawa hakuruhusiwa kuwahubiria. Wanaume hawa wawili walikuwa na kila sababu ya kutosalimiana. Mwezi Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu wakawaomba jambo zito: mtu yeyote asitoke kijijini, ugonjwa usije ukafika Sheffield na vijiji vingine. Watu wakakubali.

Walikubaliana pia mambo mengine mawili. Kanisa lifungwe, na ibada ifanyike nje, katika bonde dogo liitwalo Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Na kila nyumba izike wafu wake yenyewe, karibu, bila mazishi ya kanisani. Chakula kililetwa mpakani na watu wa nje, na kingine kilitumwa na bwana mkubwa wa Chatsworth. Kwenye jiwe la mpaka kuna matundu ambayo watu waliyajaza siki na kutumbukiza sarafu za malipo humo, wakiamini siki itaua sumu. Mpaka Novemba watu wapatao 260 walikuwa wamekufa. Catherine, mke wa Mompesson, ambaye alikataa kuondoka pamoja na watoto wao, alikufa mwezi Agosti. Kaburi lake liko uani kwa kanisa, karibu na msalaba wa mawe ambao ni wa zamani kuliko kanisa lenyewe kwa mamia ya miaka.

Nje kidogo ya kijiji, shambani, kuna ukuta mdogo wa mviringo. Ndani yake yako mawe ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita kwa siku nane, Agosti 1666, peke yake, kwa mikono yake.

Tulikuwa na mama yetu mmoja wa Butembo. Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia 2018 mpaka 2020, ilipoua watu zaidi ya 2,200, yeye alikuwa huko, na kaka yake alikuwa mmoja wao. Walikuja watu waliovaa mavazi meupe wakamzika. Familia ilisimama mbali. Hawakumwosha wala kumgusa, na hawakulala naye usiku ule wa mwisho kama inavyotakiwa. Mama huyu amelibeba jambo hilo mpaka Sheffield. Tumeliomba naye mara nyingi katika maombi ya Jumatano, na kila mara anauliza swali lilelile: kaka yangu alizikwa kama nani?

Pale shambani hakulia. Alizunguka ule ukuta, akahesabu mawe, akamwuliza binti yetu asome tarehe moja moja. Kisha akasema, "Huyu naye hakupewa mtu wa kumsaidia kubeba." Akauliza kama kanisa liliwahi kuwafanyia ibada baadaye. Tukamweleza kwamba hadi leo kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu wa Eyam huandamana mpaka Cucklet Delf na kuabudu palepale. Alinyamaza kwa muda. "Miaka yote hiyo?" Zaidi ya miaka 350 imepita tangu tauni ile, mama.

Wapo wanahistoria wanaosema kwamba kujifungia kule hakukusaidia kama watu wanavyodai, na wengine wanasema kwamba matajiri walikuwa wameshaondoka kabla. Kijana wetu anayesomea afya ya jamii alitueleza haya tukiwa kwenye basi, na pengine anasema kweli. Lakini kilichotugusa ni wale makasisi wawili. Sisi tunatoka katika miji ambayo kanisa moja likigawanyika, pande mbili huwekeana vipaza sauti. Stanley angeweza kukaa kimya na kumwacha kijana aliyechukua nafasi yake ashindwe. Hakuna aliyemlazimisha. Tunaishi Sheffield, mji ambao watu wale walikubali kufa ili usiambukizwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua hilo kabla ya kupanda basi.

Jambo jingine ambalo hatukulijua ni juu ya maji tunayokunywa. Juu ya Bamford kuna bwawa kubwa liitwalo Ladybower, lililojengwa kati ya 1935 na 1943 ili kuipatia maji miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester. Vijiji viwili, Derwent na Ashopton, viko chini yake. Watu walihamishwa, na wafu wa makaburi ya Derwent walifukuliwa wakazikwa upya Bamford. Kanisa la Derwent lilibomolewa, ila mnara wake uliachwa usimame kama ukumbusho, nao ukabaki umechomoza katikati ya maji mpaka Desemba 1947, ulipolipuliwa kwa baruti. Mwaka wa ukame mkali mawe ya kijiji huonekana tena. Ilikuwa hivyo 2018. Watoto walikaa ukingoni wakiuliza maswali ambayo hatukuwa na majibu yake. Je, mtu aliyebatizwa katika kanisa lililozama, ubatizo wake uko wapi? Mmoja alimwambia mwenzake kwamba basi sisi sote tumebatizwa kwa maji ya kanisa, kila tukioga. Mchungaji aliandika maneno hayo kwenye simu yake.

Sasa tuseme juu ya mzee wetu wa Ribe, kwa maana bila yeye safari hizi zingebaki matembezi. Ribe iko kaskazini ya Mombasa, na ndipo Umethodisti wa Kenya ulipoanzia, mwaka 1862. Aliyeanzisha kazi hiyo, akiongozwa na Krapf, alikuwa Thomas Wakefield, kijana aliyezaliwa Derby mwaka 1836. Aliyemtuma hakuwa mfalme wala Wamethodisti wakubwa, bali muungano mdogo wa Wamethodisti waliojitenga, ulioundwa 1857, ambao nguvu yake ilikuwa katika vikanisa vya aina hii tunayoitembelea. Mkewe Rebecca alifariki Ribe mwaka 1873. Charles New, mwenzake, aliyepanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji mwaka 1871, alifariki 1875 akiwa safarini. Mzee wetu anayafahamu makaburi ya Ribe tangu utotoni, alitumwa kuyafagia. Hakuwahi kuona upande wa pili wa hadithi, upande ambao sarafu zilitumbukizwa sandukuni.

Kila kikanisa tunachoingia, yeye huenda moja kwa moja ukutani kusoma majina. Vikanisa vingi sasa ni nyumba za watu, au nyumba za kupangisha watalii, zenye jikoni mahali palipokuwa na mimbari. Wamethodisti wa matawi makubwa waliungana mwaka 1932, na kijiji kilichokuwa na vikanisa viwili au vitatu kikajikuta hakihitaji vyote. Baadhi yetu husema hili ndilo tunalolijua siku zote, kwamba Wazungu walituletea Mungu kisha wao wakamwacha. Maneno hayo yanasemwa sana katika makanisa yetu, na yana utamu wake. Mzee hayapendi. Anasema Jumapili ya tarehe 30 Machi 1851 serikali iliwahesabu waliohudhuria ibada katika Uingereza na Wales, ikagundua kwamba mamilioni ya watu hawakwenda kokote, na karibu nusu ya waliohudhuria hawakuwa katika Kanisa la Anglikana. Kwa hiyo, anasema, hakukuwa na siku ambayo nchi yote ilikuwa inasali. Palikuwa na watu wachache wenye bidii ndani ya watu wengi, na hao wachache ndio waliotukumbuka. Mjadala huo haujaisha kati yetu.

Kikanisa kimoja kilitupokea kuliko vingine vyote. Hatutakitaja, kwa kuwa watu wake wako hai na hawakutuomba tuwaandike. Walikuwa wamebaki saba. Mpiga kinanda alikuwa na miaka themanini na nne, na sisi tukamwita Babu. Aliuliza maana yake, tukamwambia, akasema kwamba wajukuu wake hawajawahi kumwita kwa heshima namna hiyo. Walitualika kwenye sikukuu ya mavuno. Tulikwenda thelathini na wawili. Tulileta chapati na maharagwe, wao walileta keki na chai, na wakatuonyesha kwenye meza ya Bwana maboga, vitunguu na makopo ya supu yaliyopangwa kwa ustadi. Tuliimba tenzi zao kwa Kiswahili wakiimba kwa Kiingereza, kwa sauti ileile, na Babu akapiga kinanda taratibu ili sote tufike pamoja mwisho wa ubeti. Bibi mmoja alisema jengo halijajaa namna hiyo tangu alipoolewa humo.

Miezi mitano baadaye walituandikia kwamba kikanisa kitafungwa. Paa lilihitaji matengenezo ambayo watu saba hawawezi kuyalipia.

Hapo ushirika wetu uligawanyika. Wengine walisema Mungu ametufungulia mlango: sisi tuna watu bila jengo, wao wana jengo bila watu, kuna haja gani ya kuomba ishara nyingine? Mtunza hazina wetu alipiga hesabu. Paa, bima, umeme. Na usafiri, maana Jumapili basi ni moja, na nusu ya akina mama wetu hufanya kazi za usiku hospitalini na katika nyumba za wazee. Wakitoka zamu saa mbili asubuhi wanakuja ibadani wakiwa na sare zao, wanasinzia kidogo, wanaimba, wanakwenda kulala. Ukiwapeleka milimani hawatakuja. Tulikutana mara nne. Uamuzi ulikuwa kutolichukua jengo. Ndugu wawili hawajaukubali mpaka leo, na mmoja wao tangu siku hiyo haketi tena katika baraza la wazee. Anakuja ibadani, lakini anakaa nyuma.

Tulikwenda kwenye ibada ya mwisho. Babu alisoma majina yaliyokuwa ukutani: wahubiri, walimu wa shule ya Jumapili, na vijana wa kijiji waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918. Baada ya chai alizungumza na vijana wetu. Alisema, "Nilibatizia watoto watatu hapa. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyegombana na mtu. Walikua tu, wakaondoka, na mimi sikuwauliza." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kituoni.

Maneno hayo tuliyabeba nyumbani kama mzigo, kwa sababu wakati huohuo vijana wetu walikuwa wameleta barua. Waliomba nusu ya ibada iwe kwa Kiingereza. Barua ilikuwa ya adabu, ina sahihi kumi na moja, na aliyeiandika ni binti yule aliyetafsiri Alport. Wazee wengine waliisoma kama uasi. Kiswahili, walisema, ndicho kinachotushikilia; Mkongo, Mkenya, Mtanzania na Mrundi tusingekaa meza moja bila hicho. Mama mmoja alisema neno ambalo wengi waliliitikia: "Mimi siku sita nazungumza Kiingereza na wagonjwa, natukanwa kwa Kiingereza, naomba radhi kwa Kiingereza. Jumapili niacheni nipumzike."

Mzee wa Ribe alisubiri mpaka wote wamemaliza. Alisema, "Wakefield alipofika kwetu hakungoja tujifunze Kiingereza. Alikaa chini akajifunza lugha za watu aliowakuta. Hawa watoto hawakuhamia ugenini, wamezaliwa humu, na sisi ndio tuliowajia. Nani anatakiwa kujifunza?" Mama akamjibu palepale kwamba Wakefield hakuwa akifanya zamu ya usiku. Watu walicheka, lakini swali halikwenda kokote.

Mpaka sasa tumekubaliana hivi: Jumapili ya tatu ya mwezi vijana wanaongoza ibada kwa Kiingereza, na Jumapili nyingine tunabaki na Kiswahili. Kwa mwaka mmoja, kisha tutaangalia. Katika Jumapili hizo za tatu baadhi ya watu wazima hawaji. Vijana watatu waliokuwa wameacha wamerudi. Hatuwezi kusema hesabu hiyo ni nzuri au mbaya; tunaiandika kama ilivyo.

Kabla hawajakabidhi ufunguo, wale saba walitupa mabenchi sita na ubao wa namba za nyimbo. Mwenye ukumbi wetu hataki kuyaona Jumatatu, maana siku hiyo pana darasa la mazoezi, hivyo vijana huyatoa stoo kila Jumapili asubuhi na kuyarudisha jioni, wakilalamika, kwa kuwa ni mazito sana. Mbao za zamani. Babu huja kwa basi mara moja kwa mwezi. Tulidhani angechagua Jumapili ya Kiingereza, lakini huchagua ya Kiswahili. Anasema miaka themanini amesikiliza mahubiri akiyapinga kimoyomoyo, na sasa anafurahi kusikiliza yasiyo na cha kupinga. Mama wa Butembo humwekea chai pembeni, bila sukari, na Agosti hii amemwomba Babu ampeleke Eyam kwenye ibada ya Cucklet Delf. Ameomba pia ruhusa kazini mapema. Wamemwambia watamjibu.